Viatu Vyangu Mlangoni Mwako

Mjukuu wangu Mapendo,

Usishangae kuuona mwandiko wangu. Unajua niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe mwalimu alinifukuza kabla halijaisha, kwa sababu nilimwiga anavyotembea. Kwa hiyo herufi zangu zinaegemeana kama walevi wanaorudi kwao. Binti yako Neema amenipa daftari lake la shule, kurasa za nyuma, akaniambia nisiandike mambo ya aibu. Nimemwambia aibu ndiyo kazi yenyewe.

Nakuandikia kutoka sebuleni kwako hapa Buffalo, kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa kamba. Na barua hii si ya siri. Nikimaliza, Neema ataipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuituma kwenye kikundi cha simu cha watu wetu wote, wa Louisville, wa Columbus na wa hapa. Najua ungekuwepo ungenikataza. Lakini jina nilikupa mbele ya watu, kwa maikrofoni. Siwezi kulifuta kwa kukunong'oneza kaburini.

Nianze mbali kidogo. Mzee haendi moja kwa moja hata akienda chooni.

Unakumbuka kambini Kigoma, siku ya posho? Mama yako, binti yangu, alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa nakubeba begani kwenye foleni. Mikono yako ilishika masikio yangu, kwa hiyo kadi ya familia uliishika kwa meno. Yule bwana wa kutoboa kadi akakuuliza, "Huyu mzee ni nani wako?" Ukaitoa kadi mdomoni ukamjibu, "Mume wangu." Foleni nzima ikacheka. Mimi ndiye niliyekufundisha kujibu hivyo. Kwetu babu na mjukuu ni watani, mjukuu wa kike ni mke wa babu, na hata mtoto wa kunyonya anajua kuwa ni mchezo. Bwana akakuuliza tena, "Mume gani hana meno?" Nawe ukamwambia, "Ndiyo maana nimemchagua. Hali sana."

Ulikuwa na miaka sita. Nikajua nimezaa mtu.

Foleni ile ilikuwa yetu sote, na hili nataka wanaosoma kwa kuchungulia begani kwako walikumbuke. Mahindi, maharage, mafuta, chumvi ya kulamba. Mchungaji alipanga foleni, mwalimu alipanga, mwizi wa mbuzi alipanga na mwenye mbuzi akiwa nyuma yake. Zaidi ya miaka thelathini tulikula chakula ambacho hatukukilima, na hakuna hata mmoja aliyepewa jina kwa ajili hiyo.

Kisha tukaletwa Marekani, Louisville. Miezi ya mwanzo kila nyumba ilipewa kadi ya chakula, ile tunayoiita fudistempu, na wanawake walionyeshana namna ya kuitelezesha kwenye mashine kama wanaonyeshana mshono mpya. Wanaume wakapata kazi kwenye maghala ya Jeffersontown. Mishahara ilikuwa midogo na watoto walikuwa wengi, kwa hiyo kadi haikuondoka. Ilihamia tu ndani ya mkoba wa mke, ikakaa kimya. Na hapo ndipo nilipoanza kuona jambo, ingawa sikulisema. Kadi ikiwa kwenye nyumba yenye mume iliitwa msaada. Ikiwa kwenye nyumba isiyo na mume iliitwa tabia.

Wewe ulifanya kazi Jeffersontown kama wao. Ulifunga maboksi mpaka tumbo la Shukuru likakataa kupita nyuma ya mashine. Mwezi uleule baba Neema akaondoka. Alisema anafuata kazi ya kiwanda cha nyama jimbo jingine, na kweli huko akapata nyama, tena yenye nywele ndefu. Ukabaki na Neema wa miaka sita, Eliya wa miaka mitatu, na huyo aliyekuwa tumboni. Ukaenda ofisi ya misaada ya serikali ukajaza fomu. Ungefanya nini kingine?

Halafu ikaja ile harusi, kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa.

Unajua desturi yetu. Watu wakishashiba, wazee hupewa maikrofoni watanie wanawake, walioolewa na wasioolewa. Mimi ndiye niliyekuwa bingwa. Mama Jeremia, yule Mkongomani jirani yetu, akauliza kutoka mezani kwake na sambusa bado shavuni, "Bon, na Mapendo je? Bwana yake iko wapi? Ataolewa tena siku gani?"

Maikrofoni nilikuwa nayo mkononi. Nikasema, "Mama Jeremia, habari zimekuchelewa. Huyu nilimposa mimi tangu kambini, serikali ikaninyang'anya. Sasa Mapendo ni mke wa serikali. Na ni bwana mzuri kuliko wenu. Halewi, hapigi, chakula analeta kila mwezi, na akilala hakoromi."

Ukumbi uliangukiana. Watu walipiga meza mpaka soda zikamwagika. Wewe pia ulicheka, ukajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilikutazama, nikaona macho hayacheki. Nataka iandikwe hivyo: niliona. Niliona, na nikaongeza utani mwingine, kwa sababu watu walikuwa bado wanapiga meza.

Mwingine angesema, "Sikujua." Mimi nilijua, Mapendo.

Jumapili iliyofuata mtu alikuuliza mlangoni pa kanisa, "Shemeji yetu serikali hajambo?" Jumapili ya pili walikuwa watatu. Baada ya mwezi mmoja nilisikia mtu mzima akikuelekeza kwa mgeni: "Yule pale, Mke wa Serikali, kaa mbali naye, anatafuta mtoto wa nne ili aongezewe." Hilo la mtoto wa nne mimi sikulisema. Lakini ukiacha mlango wazi huwezi kuchagua mbwa atakayeingia. Kisha siku moja Neema akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia akitaka tu, kama baba yake anakaa kwenye lile jengo lenye bendera. Nikamjibu hapana. Akauliza, basi kwa nini watoto wa kanisani wanasema hivyo? Nikamwambia watoto wa kanisani ni wajinga. Hiyo ndiyo siku niliyoanza kusema uongo bila kuchekesha.

Nakumbuka pia dukani. Eliya alikuwa anatimiza miaka minne, nikakusindikiza kununua keki. Ulizunguka na kile kigari mara mbili ukitafuta foleni isiyo na mtu wetu. Tukaipata. Nyuma yetu akasimama mama mmoja mzungu mwenye mfuko wa chakula cha mbwa. Alitazama keki, akatazama tumbo lako, ukatoa kadi, akatazama kadi. Akamwambia kitu yule msichana wa mashine, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikiwa. Uliisukuma keki pembeni taratibu, ukasema umebadili nia. Nilikuuliza tulipotoka, "Amesemaje?" Ukanijibu, "Amesema keki ni nzuri, babu." Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini neno la kodi nilikuwa nimeshalijua: kwamba kodi yake ndiyo inayotulisha. Eliya alirudi nyumbani ameshika pakiti ya mishumaa.

Yule mama hakukujua. Usiku hakukubeba begani, mchana hakukufundisha kutania. Mimi nilikujua. Ndiyo maana nikituweka sisi wawili kwenye mizani, mimi ndiye mzito.

Ukahama. Ulisema Columbus kuna kazi, lakini ulikuwa unakimbia jina, na jina lilikutangulia kwa simu. Mwanamke wa ghorofa ya chini alikukaribisha na swali moja: "Wewe ndiye yule wa serikali?" Ulinisimulia hayo kwenye simu kana kwamba ni kichekesho. Nikaaga kwa mjomba wako Louisville, nilikokuwa nakaa, nikapanda basi na begi langu moja. Nilikuwa na dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa viatu. Kwetu, mwanamke akibaki peke yake, mzee wa ukoo huacha viatu vyake mlangoni, ili apitaye ajue nyumba ina mwenyewe na afunge mdomo. Mama yangu aliwekewa hivyo baba alipokufa, na mama yako nilimwekea mimi. Vya kwangu ulivijua, vile vya kahawia nilivyopewa Louisville na kanisa la wazungu, vikubwa kama mitumbwi, navivaa na soksi tatu. Nikaviweka nje ya mlango wako, kwenye korido. Koti langu nikalitundika panapoonekana mlango ukifunguliwa. Bafuni nikaweka wembe na brashi ya kunyolea, ingawa ndevu zangu zenyewe ni kama nyasi za kiangazi.

Na vikafanya kazi. Wiki ya pili tu, yule wa ghorofa ya chini akaanza kukuita mama Neema. Wanaume wa kwenye ngazi wakaacha kukupigia mluzi. Ukaniambia ukiwa unakoroga uji, "Babu, viatu vyako vinaheshimiwa kuliko mimi." Nikacheka. Sasa hivi, nikiwa nimekaa hapa, naona haikuwa ya kucheka.

Kisha kuna mtu akapiga simu ofisini akasema Mapendo anaficha mwanamume. Simjui, na nisingependa kumjua, maana nitamtania mpaka azikwe. Mama wa ofisi akaja kabla ya chakula cha mchana. Hakuwa mkali. Lakini kabla hajatutazama sisi alitazama viatu. Akatazama koti. Akaomba kutumia bafu, akarudi anaandika. Akaweka simu mezani, ndani yake kukawa na mkalimani, kijana mwenye Kiswahili cha Kenya, akauliza, "Anauliza, nani wanaishi kwa hii nyumba?"

Ukaanza kusema, "Ni mimi na watoto, babu amekuja kunitem..."

Na hiyo ndiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa mgeni. Jina langu lilikuwa bado kwenye nyumba ya mjomba wako Louisville, na hundi yangu ya uzee ilikuwa inakwenda huko. Ungemaliza sentensi ile, mama yule angekunywa chai akaenda zake. Lakini nikainua mkono. Mzee akiwepo, mzee ndiye husema. Na mimi niliona mgeni anataka kukudharau kwa sababu hana uhakika kama una mtu.

Nikasema, "Mwambie hivi. Nyumba hii ina mwanamume. Mwenye nyumba ni mimi. Nakula hapa, nalala hapa, na viatu ni vyangu. Mwanamke huyu si wa kuonewa."

 Kijana akasema, "Mzee, uko sure nitafsiri hivyo?"

"Tafsiri kama nilivyosema, kijana. Usinipunguzie."

Ulinivuta mkono wa shati. Nilidhani unanishukuru.

Barua ilikuja baada ya siku kumi. Neema aliisoma akiwa amesimama, kidole chini ya kila neno. Kwamba umeficha mtu mzima mwenye kipato. Kwamba kadi ya chakula imesimamishwa, na ya matibabu pia, mpaka uchunguzi uishe. Kwamba unaweza kukata rufaa. Nikasema tukate, niende mwenyewe nikawaeleze kuwa nilikuwa najisifu tu. Uliikunja barua mara nne, ikawa ndogo kama hirizi. Ukasema, na haya maneno ninayo kama yalivyo: "Siwezi tena, babu. Wameuliza friji, wameuliza kitanda, sasa wanauliza viatu. Kwa wazungu mimi ni mwizi kwa sababu nina mwanamume. Kwa watu wetu ni malaya kwa sababu sina. Sasa nisimame wapi?"



Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza. Ulisema tu, "Vaa viatu vyako, babu. Tunahama."

Ndipo tukaja hapa, West Side, ghorofa ya juu kwenye nyumba ya mbao inayolia upepo ukivuma, hatua chache kutoka Grant Street. Ulipata kazi mbili. Asubuhi uliogesha wazee kwenye nyumba ya wazee, jioni ulipanga mboga kwenye ghala. Mimi nikawa mama wa nyumba. Nilisuka nywele za Neema zikatoka kama shamba lililopitiwa na ng'ombe. Ugali wangu uliungua chini na ulikuwa mbichi juu, na Eliya akasema kwa Kiingereza kuwa babu anapika vyakula viwili kwenye sufuria moja.

Ulikuwa umeapa. Hakuna kadi tena, hakuna fomu, hakuna ofisi. Jirani mmoja Mrundi, mtu mwema, alikwambia hapa ni jimbo jingine, waweza kuomba upya kwa ajili ya watoto. Ukamjibu, "Hapa hakuna anayenijua kwa lile jina. Niacheni nikae hivi." Kanisani wakaanza kukuita mchapakazi. Ulikuwa unarudi na neno hilo nyumbani kama mtu aliyeletewa nyama, ukitusimulia nani amelisema na alikuwa amesimama wapi. Nasi tukawa tunakula hilo neno pamoja na kabichi.

Kikohozi kilianza na theluji ya kwanza. Nikakuambia nenda hospitali. Ukasema ukikosa siku tatu watakutoa kazini. Wiki ya pili nikakuambia tena. Ukasema, "Nikienda watanipa fomu, babu, na fomu itauliza nani anaishi nyumbani." Nikakuchemshia tangawizi. Nikakutania kuwa unakohoa kama lori la posho linalopanda mlima. Ulicheka, na kicheko kikakuamshia kikohozi, ukashika ukuta. Nilikuwa nimesimama nimeshika kikombe. Ndivyo nilivyokuwa nakutibu.

Uliangukia kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya wazee. Hospitali walisema mapafu yote mawili yamejaa. Daktari, msichana mdogo mwenye uso wa huruma, alimwomba Neema aniulize kwa nini hatukukuleta mapema. Neema alikuwa na miaka tisa. Hakutafsiri. Alinitazama tu. Nami nikaelewa swali lote.

Siku ya nne asubuhi ulitoa ile mipira ya hewa ya puani ukaniita. Nilidhani unataka maji. Ulisema, "Watoto wasigawanywe, babu." Nikasema sawa. Ukasema, "Usiniambie sawa ya mchezo." Nikasema si ya mchezo. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Mchana haukukukuta.

Walikuja, Mapendo. Ungeona walivyokuja. Magari matatu kutoka Louisville, mawili kutoka Columbus, kwenye barafu ile. Ukumbi ulijaa. Mzee wa kanisa akasimama akasema, "Dada yetu amekufa na heshima yake. Hakula cha bure. Hakumtegemea mtu." Watu wakasema amina. Nilitazama vinywa vilivyosema amina, nikahesabu ni vingapi vilivyokuwa kwenye ile harusi. Walikuwa wanakusifu kwa kile kilichokuua, na walikuwa wanalia kweli. Hilo ndilo linalonitisha. Hawakuwa wanafiki. Walikupenda sana ulipokuwa huli.

Mchana wa siku hiyo, kabla ya ibada, nilikuwa nimefuatana na Mama Jeremia Grant Street kununua mchele na mafuta ya matanga. Mumewe anasukuma kigari, yeye anachagua. Kwenye mashine akatoa kadi yake, ile ile, akaitelezesha, tukabeba. Hakuna aliyemwita jina, wala mimi simwiti leo. Alisafiri mbali kuja kukupikia, na akaosha masufuria ya watu wote kwa mikono yake. Wali ulikuwa mtamu. Nilikula sahani mbili. Lakini kila tonge lilinipita likiniuliza kwa nini halikuweza kuwa jikoni kwako mwezi mmoja kabla, bila mtu kucheka.

Baada ya kuzika, ukoo ukakaa. Mjomba wako akasema Neema aende Louisville akamsaidie mkewe na watoto wadogo. Eliya achukuliwe na jamaa wa Columbus. Shukuru apewe mtu na mkewe wa kanisani wasio na mtoto. Walikuwa wameshapanga hata magari. Neema alikuwa jikoni, nikaona maji yanatiririka kwenye sinki na hakuna chombo anachoosha.

Nikasema hapana, watoto wanakaa na mimi.

Mjomba wako akacheka kidogo, kwa upole. "Baba, wewe ni wa kulelewa, si wa kulea."

Nikamwambia mama mmoja wa kaunti, anayeshughulikia watoto waliofiwa, alikuja hospitali akasema wanaweza kubaki na mimi, mradi nionyeshe wana chakula, wana joto, na wana matibabu. Hundi yangu ya uzee haitoshi. Kwa hiyo nitaenda ofisini kuomba kadi.

 Mjomba wako akasema, "Baba, na umri huo? Upange foleni na wanawake walioachwa? Watu watatucheka."

"Watacheka," nikasema. "Nimewafundisha mwenyewe."

Jumatatu nilivaa viatu vya kahawia, soksi tatu, nikaenda na Neema. Foleni ya pale haifanani na ya kambini. Kambini tulipigiana kelele, tulitaniana, mtu alikushikia nafasi ukaenda kunywesha mtoto. Pale palikuwa na wasichana weusi, weupe, na wale wanaosema Kihispania, kila mmoja na mtoto kiunoni, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mmoja alitazama viatu vyake. Nikafikiri, hapa wewe ulisimama peke yako, Louisville na Columbus, na mimi siku hizo nilikuwa sebuleni natafuta utani mpya.

Mama wa ofisi ya hapa akaweka simu mezani, mkalimani akauliza kutoka humo. "Nani wanaishi nyumbani?"

Ulimi wangu ulikuwa na vichekesho vitatu tayari. Nilivimeza vyote. Nikawataja watu wanne, kwa majina na umri. Akauliza kama kuna mwanamume nyumbani. Nikasema yupo, ni mimi, sina kazi, nina miaka sabini na kitu, na ninapika vibaya. Akauliza mama wa watoto yuko wapi. Hapo nikamgeukia Neema. Neema akajibu kwa Kiingereza, maneno mawili tu, hata mimi niliyaelewa. Yule mama wa ofisi akaacha kupiga taipu, akatazama dirishani, kisha akaendelea.

Jumapili iliyofuata kanisani tayari walishajua, na lile jina lako wageni wa matanga walikuwa wameshaliacha hapa. Wakati wa matangazo kijana mmoja akasema kwa nyuma, "Kumbe na mzee ameolewa na serikali." Kicheko kikaanza kwenye viti vya pembeni. Nikaenda mbele, nikaomba maikrofoni. Wakanipa haraka, walidhani nitachekesha.

Nikasema, "Ni kweli. Jina hilo nililitengeneza mimi, nikamvisha mjukuu wangu mbele ya watu, na alikufa akikimbia lisimfikie. Sasa ni langu. Mwenye kutaka kulitumia anitazame usoni aniite mimi. Na anaposema, akumbuke kadi yake ya posho ilikuwa na matundu mangapi." Nikarudisha maikrofoni.

Hakuna aliyecheka. Maisha yangu yote nimetafuta kicheko cha watu kama mbwa anavyotafuta mfupa. Kimya kile ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kukupatia.

Hakitoshi. Najua. Nimekuandikia hivi kwa sababu kwenye kikundi kile cha simu bado wako wasichana watatu au wanne wa umri wako, na majina wanayobandikwa nimeshaanza kuyasikia. Wakiisoma hii, basi.

Kadi ilikuja kwa posta Alhamisi. Jana Eliya ametimiza miaka saba. Tulikwenda dukani wote wanne, Shukuru amekaa kwenye kigari, tukasimama kwenye foleni iliyokuwa karibu, bila kuzunguka. Mtu aliyekuwa nyuma yetu aliguna. Nikamwachia agune. Eliya alilishika boksi la keki kwa mikono miwili mpaka nyumbani, akakataa hata nimsaidie kwenye ngazi zenye barafu. Hatukuirudisha, Mapendo. Mishumaa tulitumia ile ile. Ulikuwa umeitunza kwenye droo ya vijiko.

Nilipofika mlangoni nilivua viatu nikataka kuviingiza ndani. Siku hizi naviogopa, naona kama vitaita watu. Neema akavichukua mkononi mwangu, akavipanga nje, kisigino kwa kisigino, kama ulivyokuwa unavipanga wewe. Akaniambia kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni cha nadra, "Viache, babu. Mtu wa viatu yupo."

Basi lala, mke wangu wa kambini. Hawajagawanywa.

Ni mimi, babu yako,
mwenye viatu.